Matundu Sitini na Manane

Tangu nistaafu, Neema Jilala ananipigia simu kila wiki kuniuliza kitu kilekile: "Mama, umeshaanza kuandika?" Neema ndiye aliyebaki na funguo za karakana yetu. Anadai mafundi wapya wanamuuliza maswali ambayo majibu yake nimeondoka nayo kichwani, kama mgeni aliyeondoka na taulo la gesti. Basi nimeanza. Vyeo sitavisema, maana vilikuwa viwili tu na vyote vilichelewa. Mishahara kila mtu anaijua ilivyo. Nitasema juu ya matundu.

Ndiyo, matundu. Nimefanya kazi miaka thelathini na mitatu katika karakana ya vifaa vya umeme ya hospitali moja ya misheni hapa Tabora, na mtu akiniuliza nilikuwa nafanya nini huko, jibu la kweli ni kwamba nilikuwa natoboa matundu madogo. Kifaa cha hospitali kikifa, mara nyingi kilichokufa ni bodi ya saketi, yaani kile kibao chenye njia za shaba ambacho vidude vyote vya ndani vimesimama juu yake. Bodi mpya inatoka mbali na haina haraka. Kwa hiyo tulizitengeneza wenyewe. Unachora njia zako juu ya kibao kilichofunikwa shaba, unakichovya kwenye dawa inayokula shaba usiyoihitaji, na njia zako zinabaki. Hapo mgeni hudhani kazi imekwisha. Kumbe kila mguu wa kila kidude unahitaji tundu lake, lenye upana usiofika milimita moja, na tundu likihama kidogo tu kidude hakiingii, au kinaingia kwa kulazimishwa halafu kinakufa kimyakimya mwezi unaofuata, Jumapili.

Nilifika kazini Jumatatu moja ya kiangazi, nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi kwenye bahasha na sketi mpya iliyonibana. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, na ndani yake alikuwepo Mzee Idi Mrisho, fundi mkuu, ambaye pia alikuwa ndiye mafundi wengine wote. Alikuwa mtu wa mjini, mfupi, mwenye kofia safi iliyoshonwa kwa mkono na miwani iliyofungwa waya upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kutoboa?"

"Nimesomea elektroniki, mzee."

"Sijakuuliza ulichosomea."

Akanipa kipande cha bodi na keekee ya mkono, ile ya kuzungusha mpini kama unasaga nyama, na biti moja nyembamba kama unywele wa farasi. Kabla ya chai nilikuwa nimevunja biti tatu. Hakunigombeza. Kila iliyovunjika aliiokota kwa sumaku na kuitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, taratibu, kama mtu anayezika. Saa nne akamimina chai, akafungua mfuko wa matobolwa, akanisukumia vipande viwili vya viazi vile vikavu.

"Umejifunza nini?"

"Kwamba mkono wangu hautulii."

"Mkono wa nani unatulia? Hapana. Umejifunza kwamba biti haipendi kusukumwa ubavuni. Isukume kwenda chini, itakuvumilia. Iyumbishe kidogo tu, imekatika."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na nililipata nikiwa na mdomo umejaa matobolwa, kwa hiyo sikuweza kubisha.

Somo la pili lilikuwa la rangi ya kucha. Siku hizo kalamu za wino usiofutika zilikuwa adimu, na Mzee Idi alichora njia za shaba kwa rangi ya kucha, akitumia kijiti cha kiberiti alichokinoa. Dawa haiwezi kupita chini ya rangi ya kucha. Pale ambapo mguu wa kidude ungeingia alichora duara dogo, na katikati ya duara aliacha nukta moja bila rangi, ndogo kama mbegu ya ulezi. Dawa ikija, inakula ile nukta na kuacha kishimo katikati ya shaba. Ukishusha biti, ncha yake inaangukia kwenye kishimo yenyewe, haitelezi. Mafundi wapya, nawaomba: msiisahau ile nukta kwa sababu mna mashine nzuri. Nukta ni bure.

Shida ilikuwa ni ununuzi. Kila baada ya miezi miwili Mzee Idi alikwenda sokoni kununua rangi ya kucha nyekundu, na akina mama wa sokoni wakaanza kuhesabu. Habari ikamfikia mkewe kwamba mzee ana mke wa pili huko Kipalapala, tena kijana. Siku mkewe alipokuja karakana na kukuta nyumba ndogo yenyewe ni kibao cha shaba kilichopakwa rangi, alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo rangi ya kucha nilinunua mimi, na amani ikarudi nyumbani kwao.

Mwaka wa pili tuliachana na keekee ya mkono. Tulichukua mota ya redio kaseti iliyokufa, tukaiunga kwenye betri ya pikipiki, na kuikamatisha na biti kwa kile kikonekta cha shaba cha kuungia nyaya, chenye skrubu mbili. Ilizunguka vizuri sana. Tatizo ni kwamba skrubu ilisukuma biti upande mmoja, kwa hiyo ncha ilicheza duara badala ya kusimama mahali pamoja, na matundu yakawa mapana kama ya panya. Dawa yake tuliipata kwenye kalamu. Ule mrija mwembamba wa wino, ukiukata kipande na kuusafisha, unakaa kati ya mhimili wa mota na kikonekta na kuziba nafasi pande zote. Halafu unazungusha mota na kuigusa ncha ya biti kwa kipande cha chaki. Pale chaki inapoacha alama ndipo upande uliojitokeza. Unalegeza, unasukuma kidogo, unakaza, unajaribu tena. Inachukua nusu saa. Niliwahi kumwambia Mzee Idi kwamba nusu saa ni nyingi kwa biti moja. Akanionyesha lile kopo, ambalo wakati huo lilikuwa limejaa.

Biti zenyewe tulizipata tulikoweza. Sindano ya cherehani ikivunjika ncha, ukiisugua pande mbili kwenye jiwe mpaka iwe bapa na kuinoa kama patasi, inatoboa bodi ya kahawia, ile iliyotengenezwa kwa karatasi iliyogandishwa. Lakini bodi ya kijani, yenye nyuzi za kioo ndani, inamaliza sindano kwa matundu kumi. Kwa hiyo tulifanya urafiki na daktari wa meno. Biti zake za kuchimbia meno ni ngumu ajabu, na zile nyembamba zilizonyooka, zikichoka kwa meno, bado zina miaka kwa kioo. Alitugawia zilizochemshwa, kwenye chupa, na kila mara aliuliza kama bodi zetu zinalia. Ila ngumu maana yake pia ni rahisi kukatika, na hapo tunarudi kwenye lile somo la ubavu: hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushusha biti ya namna hiyo wima mara hamsini mfululizo.

Jibu la hilo, naomba niringe kidogo, lilikuwa langu. Siku moja maabara walitoa vitu vya kutupa, na kati yake ilikuwemo hadubini ya zamani ambayo lenzi zake zilikuwa zimeota ukungu. Nilikuwa napita tu. Niliishika, nikazungusha kile kirungu cha pembeni, na shingo ya hadubini ikashuka, wima kabisa, taratibu, bila kuyumba hata kidogo. Nikazungusha kinyume, ikapanda. Nilisimama pale jalalani nikiishusha na kuipandisha mpaka mhudumu wa maabara akaniuliza kama najisikia vizuri.

Nilitoa lenzi, nikaweka mota mahali pake, nikaikaza kwa vipande viwili vya bomba. Pale ambapo zamani waliweka kioo chenye damu ya wagonjwa niliweka kipande cha mbao ya mninga, ili biti ikimaliza kupita kwenye bodi iingie kwenye kitu kigumu na isipasue shaba ya chini. Tulitoboa matundu thelathini kwenye mstari mmoja. Mzee Idi akaweka rula juu yake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wazo hili umelitoa wapi?"

"Jalalani, mzee."

"Basi uwe unapita pale kila siku."

Hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kunipa, na sikuhitaji nyingine.

Sasa niwaeleze siku ambayo mnaniuliza kila mara, ile ya mapacha. Ilikuwa masika, mwaka wangu wa saba au wa nane. Macho ya Mzee Idi yalikuwa yameanza kuingia ukungu kama zile lenzi. Aliona dirisha, aliona mtu amesimama, lakini tundu la milimita moja hakuliona tena. Alikuja kazini kila siku, akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango, na mimi nikatoboa.

Jioni moja radi ilipiga karibu na hospitali. Asubuhi yake, kabla sijavua kanga niliyojikinga nayo mvua, Sista Paskalia alikuwa mlangoni. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mrefu, mwenye hatua ndefu, na hakuwa mtu wa kukimbia. Siku hiyo alikuwa amekimbia.

"Kristina, kiota kimekufa."

Kiota ndilo jina tulilokipa kile kisanduku cha kioo cha kuwapa joto watoto njiti. Tulikuwa nacho kimoja tu. Nilikifungua pale pale wodini. Bodi inayopima joto na kuliwasha na kulizima ilikuwa imeungua, katikati nyeusi kama mkate uliosahauliwa. Tulimpigia simu wakala wa vifaa hivyo, naye akasema kwa upole sana kwamba bodi ipo, iko ng'ambo, na itafika baada ya wiki kadhaa.

Na kulikuwa na mapacha. Mama yao aliitwa Ng'washi, mkulima wa Choma, kule Igunga, aliyejifungua kabla ya wakati siku mbili nyuma. Alikuwa amepoteza damu nyingi na sasa ana homa. Sista alikuwa amemfunga Kulwa, pacha wa kwanza, kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mwili wa mtu ndio kiota cha kwanza. Lakini Ng'washi alikuwa akisinzia na kuteleza, muuguzi mmoja akamshikilia muda wote. Doto alikuwa kifuani kwa bibi yake, mama mkwe wa Ng'washi, Bibi Kabula, mwanamke mkavu, mwenye mikono ya jembe, aliyeketi wima kama mtu anayepigwa picha.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka. Ni wewe unayetengeneza?"

"Ni mimi, bibi."

Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, na naamini hakuona kitu cha kumtia moyo. "Basi mimi nitakaa hivi," alisema. "Hata siku mbili nitakaa. Wewe usiharakishe ukaharibu."

Niliharakisha nikaharibu.

Ilikuwa hivi. Niliweka karatasi nyembamba juu ya bodi iliyoungua, upande wa shaba, nikafuatisha kila njia kwa penseli laini. Mahali palipoungua kabisa nilikisia kwa kufuata michoro ya kitabu cha kifaa hicho. Halafu nikailaza karatasi juu ya kibao kipya, upande wa penseli ukiwa chini, nikasugua kwa kijiko ili mchoro uhamie kwenye shaba. Nikapaka rangi ya kucha juu yake, nikaacha nukta zangu vizuri, nikachovya. Saa tano bodi ilikuwa tayari kutobolewa. Matundu sitini na manane. Ilikuwa bodi ya kijani, ile ya kioo, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo ya ukubwa ule, na biti za daktari wa meno zilikuwa zimebaki mbili.

Ya kwanza niliivunja kwenye tundu la tisa, kwa sababu nilikuwa nafikiria homa ya Ng'washi badala ya kufikiria mkono wangu.

"Simama," alisema Mzee Idi kutoka kwenye kiti chake. "Kunywa maji."

"Mzee, hakuna muda."

"Muda wa kunywa maji upo. Muda wa kusafiri kutafuta biti nyingine haupo."

Nilikunywa maji. Nikafunga biti ya mwisho, nikaipima kwa chaki, tena nusu saa nzima, nikaendelea. Kuanzia hapo tulifanya kazi wawili. Mimi niliona, yeye alisikia. Biti inapokata vizuri mota inaimba sauti moja. Ukiisukuma, sauti inashuka, na kabla haijakatika inanguruma kidogo. Mimi sikuwahi kuisikia hiyo ngurumo mpaka siku ile, na yeye aliisikia kila mara kabla ya mkono wangu.

"Pandisha. Vumbi limejaa. Pulizia. Haya, shusha. Polepole. Acha ikate yenyewe."

Kila matundu kumi niliinua bodi na kupumzisha biti ipoe. Tundu la mwisho, la sitini na nane, lilipita saa nane kasoro. Nilisugua bodi kwa msasa laini na kumpa Mzee Idi mkononi, nikijisikia kama mtu aliyemaliza kulima shamba. Alipitisha kidole, tundu kwa tundu, akitabasamu. Kisha kidole kikarudi nyuma. Kikaenda tena. Akaomba bodi iliyoungua, akaishika kwa mkono wa kushoto na mpya kwa mkono wa kulia.

"Kristina, skrubu kubwa ya pembeni iko upande gani kwenye hii ya zamani?"

"Kulia."

"Na kwenye yako?"

Nilikuwa nimeshaona. Karatasi ile niliilaza kifudifudi, na mchoro wote ukageuka, kulia kuwa kushoto, kama maandishi kwenye kioo. Kila tundu lilikuwa mahali pake hasa, kwenye bodi isiyofanana na kifaa chochote duniani.

Niliketi sakafuni, nikafunika uso kwa kanga yangu. Nilimwona akilini Bibi Kabula ameketi wima kule wodini. Nilifikiria nitamwambia nini Sista, na maneno yote niliyoyapata yalikuwa yanaanza na "samahani". Kibao kingine hakikuwepo. Biti ilikuwa imebaki moja na imeshachoka.

Kisha nikamsikia Mzee Idi anacheka, kicheko cha chini, puani.

"Inuka, wewe. Mtu akivaa shati ndani nje, analichana?"

"Mzee, siyo shati."

"Geuza bodi. Vidude vikae upande wa shaba badala ya upande wa pili. Ukiiangalia kutoka huko, kulia inarudi kulia."

Niliichukua bodi na kuigeuza. Nikaiwaza. Nikaigeuza tena. Alikuwa sahihi. Ila kulehemu ndiko kungekuwa kazi, maana kidude kingeketi juu ya shaba ileile ambayo ncha ya moto inatakiwa ifike. "Nitapitisha wapi chuma cha moto?" niliuliza.

"Viinue. Kila tundu uweke kipande cha waya kisimame, ulehemu waya kwenye shaba, halafu kidude ukikalishe juu ya nyaya. Kama dungu la kulindia mpunga."

Ndivyo tulivyofanya. Nilikata vipande vya waya mgumu, nikavisimamisha kimoja kimoja. Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini yule mzee alinisumbua miaka yote kwa habari ya wima. Kama matundu yangu yangekuwa yamelala hata kidogo, nyaya zingeinama kila moja upande wake, na zile aisii mbili, vile vidude vyeusi vyenye miguu kumi na minne kama tandu, zisingekaa. Nyaya zilisimama sawasawa, kama askari. Aisii ya kwanza ilishuka juu yake bila kulazimishwa. Ya pili pia.

Saa kumi na moja jioni niliipeleka wodini. Ilikuwa mbaya kwa macho, kijiji kizima kilichojengwa juu ya nguzo. Niliifunga, nikawasha, taa ndogo ikawaka, na kioo kikaanza kupata joto. Nilitaka Kulwa awekwe pale pale. Sista Paskalia akaweka mkono juu ya mlango wa kiota.

"Hapana. Kwanza tulaze chupa."

Akalaza chupa mbili za maji, akazifunika shuka ndogo kama watoto, akaweka vipimajoto viwili. Muuguzi wa zamu aliandika joto kila nusu saa mpaka asubuhi. Mimi niliambiwa niende nyumbani, nikaenda, na sikulala vizuri, lakini hiyo siyo habari. Asubuhi nilipofika, Sista alinionyesha karatasi. Joto halikupanda wala kushuka zaidi ya inavyoruhusiwa. Chupa, alisema, ziko katika afya njema.

Saa tatu Kulwa na Doto waliingia kwenye kiota. Bibi Kabula alipomwachia Doto, mikono yake ilikataa kunyooka, wauguzi wawili wakamkanda. Alikuwa ameketi hivyo usiku na mchana, akiinuka kwa lazima tu. Nilikwenda kumwambia ukweli, kwamba niliharakisha na nikaharibu, nikarekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi nilisinzia mara moja," alisema. "Tusimwambie mtu."

Homa ya Ng'washi ilishuka siku ya nne. Walikaa nasi wiki tano, wakarudi Choma watoto wakiwa na mashavu. Bodi mpya ilipofika kutoka ng'ambo, fundi wa wakala alikuja kuifunga. Alifungua kifuniko, akaona bodi yangu, akaita mwenzake aje aone. Aliuliza kwa nini vidude vyote viko upande usio wake. Nilimwambia hiyo ndiyo mbinu ya Tabora. Akapiga picha.

Mzee Idi alistaafu mwaka uliofuata, akahamia Urambo kwa binti yake, akafuga nyuki kwa kusikiliza mizinga. Alifariki akiwa mzee sana, na nilisafiri kwenda kumzika. Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu karakana, miaka mingi, mpaka alipokuja Neema.

Neema alikuja na watoto wawili, pikipiki, na akili inayokwenda mbele ya maneno yake. Yeye ndiye aliyetuletea mambo ya kuchora bodi kwenye kompyuta na kuagiza zikiwa zimeshatobolewa na mashine. Mwanzoni nilinuna. Kisha nikaona zilivyonyooka, nikaacha kununa. Lakini kuagiza kunachukua majuma, na firiji ya chanjo haingoji majuma, kwa hiyo hata yeye ilimbidi ajue kutoboa. Nilimfundisha yote haya niliyoandika. Yeye aliongeza la kwake: aliifunga simu yake juu ya bodi, akakuza picha, akawa anatoboa huku anaangalia kwenye kioo cha simu, tundu likionekana kubwa kama sahani. Nilimwambia huo ni uvivu. Wiki iliyofuata nilimwomba anifungie na yangu.

Safari yangu ya mwisho ya kikazi ilikuwa kwenda zahanati moja nje ya Igunga, upande wa barabara ya Mwanza. Firiji ya chanjo ilikuwa imezima, na muuguzi wa pale, dada mmoja mchangamfu, alikuwa amehamishia chanjo zote kwenye sanduku la barafu ambayo ingetosha mpaka jioni. Bodi iliyoungua ilikuwa ndogo. Tulichora, tukachovya, tukakaa chini kwenye veranda kutoboa, malori yakinguruma barabarani.

Nilishika keekee ya betri mimi, maana ndivyo tulivyozoea. Tundu la kwanza halikwenda vizuri. La pili biti ilikatika. Niliangalia mkono wangu, na mkono ulikuwa unatetemeka, kidogo tu, kama jani wakati hakuna upepo. Ulikuwa umeanza miezi kadhaa nyuma na nilikuwa nimeamua kutoujua.

Neema alifungua kiboksi chake, akatoa biti nyingine, akaifunga, akaijaribu kwa chaki, akanirudishia keekee.

"Jaribu tena, mama."

Niliishika kwa muda. Ilikuwa nyepesi, ya kisasa, inafaa kiganjani. Kisha nikaiweka kwenye mkono wake.

"Toboa wewe. Mimi nitapuliza vumbi."

Alitoboa matundu ishirini na sita, na nilikuwa napuliza, na kila lilipopita moja nilikuwa natafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, nakiri. Sikulipata. Saa tisa firiji iliwaka, ikaanza kuunguruma, na yule muuguzi akapiga vigelegele peke yake, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Alirudisha chanjo ndani, akaleta kitabu cha matengenezo ili tusaini. Kilikuwa na safu mbili, ya fundi na ya msaidizi. Alinipa kalamu mimi kwanza, kwa heshima ya mvi.

Neema alikuwa anakusanya vifaa, hakuwa anatazama. Kwenye safu ya fundi niliandika jina lake, herufi kubwa, lisomeke. Kwenye safu ya msaidizi niliandika langu, nikasaini, nikamrudishia muuguzi kitabu chake. Kisha nikamsaidia Neema kubeba sanduku, tukaenda kusimamisha basi.